Mstari wa amri umeingia stesheneri

Nina stesheneri ndogo Msewe, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi zangu anazijua kila aliyewahi kusoma mjini hapa: kutoa kopi, kuprinti, kubaindi ripoti, kuskani vyeti, picha za pasipoti, kujaza fomu za mtandaoni kwa wasio na kompyuta. Sijasomea programu. Hata hivyo siku hizi sehemu kubwa ya kazi hizo naifanya kwa kuandika amri kwenye lile dirisha jeusi ambalo wateja wakiliona wanadhani kompyuta imekufa, au kuna mtu anadukua benki. Wateja wananiuliza kwa nini, na wenye stesheneri wenzangu wananiuliza zaidi. Pale kaunta sipati nafasi ya kulimaliza jibu, kwa hiyo naliandika hapa.

Nianze na PDF, maana ndiyo iliyonifikisha huku. Anayeomba kazi, mkopo wa chuo au leseni kwa njia ya mtandao anaijua hii: unapakia vyeti, mfumo unakujibu kwamba faili limezidi ukubwa unaoruhusiwa. Litaachaje kuzidi? Vyeti vimepigwa kwa kamera ya simu, ukurasa mmoja una MB nne au tano, na kurasa zenyewe ni kumi. Dawa ya mtaani kwa miaka mingi imekuwa moja: fungua tovuti ya bure ya kupunguza PDF, pakia, subiri, pakua, mpe mteja aende.

Dawa hiyo inakula bando mara mbili, faili likipanda na likishuka. Inakwama intaneti ikilegea, na intaneti huwa inalegea siku ya mwisho ya maombi, foleni ikiwa imefika barabarani. Lakini hayo ni madogo. Kinachonikosesha raha ni kwamba ninachopakia si changu. Ni cheti cha kuzaliwa cha mtu, kitambulisho chake cha NIDA, hati ya kiwanja, majibu ya vipimo vya mzee anayetafutiwa rufaa. Vinakwenda kwenye seva ya nani? Vinafutwa lini? Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tume yake ipo. Hata isingekuwepo, mteja ameniamini mimi. Hajaiamini tovuti ambayo hata jina lake hakuliona.

Kompyuta yenyewe inaweza kufanya kazi hiyo bila intaneti kabisa. Kuna programu ya bure inaitwa Ghostscript, ipo tangu 1988, na mstari wake ni huu:

gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=ndogo.pdf kubwa.pdf

Ukiuona mara ya kwanza unatisha. Uvunje vipande, utauona hauna kitu. Mwanzo kabisa, gs ni jina la programu. Kipande chenye pdfwrite kinaiambia itoe PDF. Chenye ebook ni kipimo cha ubora: picha zilizomo ndani zinashushwa hadi nukta 150 kwa inchi. Viwili vinavyofuata vinaiambia isisimame kila ukurasa kusubiri mtu, na ikimaliza itoke. Kisha jina la faili litakalotoka, na la mwisho ni faili linaloingia. Ukitaka liwe dogo zaidi, unaandika screen badala ya ebook, nukta zinashuka hadi 72. Lakini hapo mhuri unaanza kufifia na saini inakuwa kama imelowa, na afisa wa upande wa pili ana haki ya kukikataa cheti. Ukitaka la kuprinti, unaandika printer, nukta 300. Vyeti vya wateja wangu navipitisha kwa ebook, na sijaona sababu ya kubadilisha.

Sasa wanafunzi wakirudi kutoka fildi, mkuu wa darasa anakuja na flashi ina ripoti za wenzake wote, kila moja imejaa picha za mitaro, nguzo na mashine, na mkufunzi anataka zitumwe kwa baruapepe. Kwenye tovuti ungepakia moja moja mpaka jioni. Kwenye teminali, ndilo jina la lile dirisha jeusi, natengeneza folda inaitwa ndogo, kisha naandika:

for f in *.pdf; do gs -q -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile="ndogo/$f" "$f"; done

Maana yake: kwa kila faili la PDF lililomo humu, fanya ile kazi tuliyoieleza, uliweke dogo lake kwenye folda ya pili kwa jina lilelile. Nabonyeza enta, nageuka kuhudumia foleni. Mafaili ya asili hayaguswi, na hilo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kazi ya watu haijaribiwi juu ya nakala pekee waliyonayo.

Kasi hiyo ni nzuri, lakini kilichonibadilisha mawazo ni namna ujuzi unavyohama kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu.

Angalia tunavyofundishana kazi za kompyuta katika maduka yetu, kuanzia Kariakoo hadi Mbagala. Mgeni anasimama nyuma ya kiti cha mwenyeji. Anaambiwa bonyeza hapa, halafu hapa, hapana, pale juu, hicho chenye mkasi. Anashika kwa macho. Kesho programu inajisasisha, chenye mkasi kimehamia upande wa kushoto, na somo linaanza upya. Na kijana aliyekuwa anajua vizuri akipata kazi mahali pengine, anaondoka na kila kitu. Siwezi kumlaumu, maana hakikuwahi kuwepo mahali popote ila mikononi mwake.

Mstari wa amri unaandikwa. Pale dukani tuna kaunta buku, na kila ukurasa una mpangilio mmoja. Juu tunaandika ombi kwa maneno ya mteja mwenyewe: "PDF yangu imekuwa nzito", "Picha zangu zote zimelala", "Nataka kurasa ya tatu mpaka ya saba tu." Chini yake mstari wenyewe, kwa herufi za wazi. Chini ya mstari, kila kipande na maana yake kwa Kiswahili. Mwisho kabisa, kwa kalamu nyekundu, kinachoweza kuharibika. Binti ninayefanya naye kazi alikuja akitokea kidato cha nne, anajua kuchapa na WhatsApp. Leo kurasa nyingi za kaunta buku hilo zimeandikwa kwa mwandiko wake. Rafiki yangu mwenye stesheneri Mbagala Rangi Tatu akikwama, nampigia picha ukurasa namtumia, na anaufanya papo hapo bila mimi kupanda mwendokasi. Mibonyezo ya mausi ningemtumiaje? Kwa video ndefu, ambayo ingeonyesha vitufe visivyofanana na vya kwake.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa watu wa ofisini, walimu na makatibu wa vikundi walielewe. Kazi ikishaandikika kwa mstari mmoja, inakuwa mali ya ofisi. Mtu anaweza kuugua, kuolewa, kuhamishwa Tunduru, na kazi ikaendelea.

Wenye kumbukumbu watasema huku ni kurudi nyuma, na wana haki ya kushangaa. Mfumo wa Unix, ambao mtindo huu wa amri ndogo ndogo umetokana nao, ulianzishwa mwaka 1969 kwenye maabara za Bell kule Marekani na Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1973 ukaongezwa ule uwezo wa kuunganisha programu mbili kwa alama ya kijiti kilichosimama (|), kinachotoka kwa ya kwanza kikamwagikia kwa ya pili; mwenzao Doug McIlroy alikuwa ameudai kwa miaka kabla ya Thompson kuutia kwenye mfumo. Kisha ikaja Macintosh mwaka 1984, ikaja Windows 95, na mtu wa kawaida akapewa mausi. Sisi tuliojifunza kompyuta kwenye zile kozi za miezi mitatu tulipewa DOS, mfumo wa zamani wa amri, kama kichwa cha habari cha wiki ya kwanza, kisha tukahamia Word na Excel, na hakuna aliyerudi kuuliza.

Lakini angalia waliotuletea madirisha na vitufe wamefanya nini baadaye. Microsoft walitoa PowerShell, mstari wao mpya wa amri, mwaka 2006. Mwaka 2016 wakaifungua misimbo yake na kuipeleka hadi kwenye Linux, mfumo wa bure uliofuata mtindo wa Unix, na mwaka huohuo wakauingiza mstari wa amri wa Linux ndani ya Windows 10. Mwaka 2019 wakatangaza teminali mpya kabisa, ambayo leo inakuja na Windows 11 bila kuisakinisha. Apple nao mwaka 2019 walibadilisha ganda la amri la kompyuta zao, yaani programu inayozipokea amri unazoandika, wakaweka zsh. Mwaka 2025 Google wakaweka teminali ya Linux kwenye simu zao za Pixel. Hawa hawakufanya hivyo kwa huruma ya wazee wa zamani. Waliona kazi ambazo vitufe haviziwezi zinaongezeka, na watu wanazihitaji.

Niwape mfano usio na uhusiano wowote na programu wala seva: kamati ya harusi.

Mama mmoja wa mtaani kwetu, mtunza hazina wa kamati, alikuja na karatasi mkononi na flashi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi akashusha pumzi.

"Mwanangu, hii listi nimeikagua mpaka macho yanauma. Watu wameahidi, wengine wamelipa, wengine wanasema wamelipa. Kikao ni Jumapili na mwenyekiti anataka majina ya ambao bado."

Alikuwa na orodha ya walioahidi, ameichapa mwenyewe kwenye Excel, jina na namba ya simu. Waliolipa walikuwa kwenye miamala ya mitandao miwili ya simu. Ukisema uoanishe kwa majina hutafika. Kwenye orodha kuna "Mama Neema", kwenye muamala kuna jina la kwenye laini, na laini imesajiliwa kwa jina la mume au la dada. Kitu kimoja tu kinafanana pande zote, nacho ni namba ya simu. Na namba zenyewe zimeandikwa kila mtu na mtindo wake: nyingine zinaanza na 0, nyingine 255, nyingine zina alama ya kujumlisha, nyingine zimeachwa nafasi katikati.

Nilizitoa namba za waliolipa zikawa mafaili mawili ya maandishi matupu, namba moja kila mstari, kisha:

cat mtandao1.txt mtandao2.txt | tr -d '\r ' | sed 's/^+//; s/^255/0/' | sort -u > waliolipa.txt

Hapa ndipo kile kijiti cha 1973 kinapofanya kazi. Programu ya kwanza inayasoma mafaili yote mawili kwa mfuatano. Ya pili inafuta nafasi, na pia inafuta herufi moja isiyoonekana ambayo Windows huiweka mwisho wa kila mstari. Hiyo herufi watu wengi hawaijui, na ndiyo inayofanya namba mbili zinazofanana kabisa kwa macho zionekane tofauti kwa kompyuta. Ya tatu inaondoa alama ya kujumlisha, kisha inageuza 255 ya mwanzoni kuwa 0. Ya nne inazipanga na kuacha moja moja, ili aliyelipa kwa awamu asijitokeze mara mbili. Nikazitoa namba za walioahidi pia, nikazisafisha kwa mtindo uleule. Kisha mstari wenyewe:

grep -vxFf waliolipa.txt walioahidi.txt

Kwa Kiswahili: nionyeshe kila mstari wa walioahidi ambao haupo, mstari mzima kwa mstari mzima, kwenye faili la waliolipa. Zikatoka namba za ambao bado. Nikazirudisha kwenye orodha yake ya Excel tukapata majina. Mama aliisoma mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti.

"Kumbe na mwenyekiti mwenyewe yumo."

Nilimprintia nakala mbili. Ninachotaka msomaji akione hapo ni hiki: programu nilizotumia zimeandikwa na watu ambao hawakuwahi kusikia habari za ahadi ya mchango wala kadi ya sendofu. Kila moja inajua kitu kimoja kidogo. Kuzipanga kwa tatizo letu ilikuwa kazi yetu, na tuliiweza. Programu ya vitufe ya "kusimamia michango" ingetubidi tuisubiri mtu aitengeneze, aiuze, na ikubaliane na mtindo wetu.

Nikieleza haya, jibu ninalolipata mara nyingi ni kwamba mtu wa kawaida hawezi kukariri amri. Silikubali hata kidogo. Mama lishe wa Kariakoo anabonyeza *150*00# kila siku ya Mungu, na mwenye laini ya Airtel anabonyeza *150*60# bila kuangalia kidole kilipo. Hakuna picha pale, hakuna kitufe cha rangi. Ni nyota, namba, reli, kisha maandishi yasiyozidi herufi 182, unajibu kwa namba, unaendelea. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo mamilioni ya watu wanaendesha fedha zao kwa kuandika amri, pamoja na ambao hawajawahi kugusa kompyuta. Wanajua kwamba tarakimu moja ikikosewa fedha inakwenda kwa mwingine, kwa hiyo wanasoma kabla ya kuthibitisha. Nidhamu yote inayohitajika kwenye teminali wanayo tayari. Walichokosa ni mtu wa kuwaonyesha mlango.

Na mlango umekuwa mwepesi kwa sababu ya akili mnemba. Zamani ugumu ulikuwa kukumbuka. Sasa hivi unaandika kwa Kiswahili kabisa, "nina picha mia mbili kwenye folda, nataka zote zipungue upana ziwe 1200", na unapewa mstari. Mwaka 2025 kampuni kubwa zilikwenda mbali zaidi, zikatoa wasaidizi wanaokaa ndani ya teminali yenyewe: Claude Code ya Anthropic, Codex ya OpenAI, Gemini ya Google. Hao hawakupi mstari tu, wanaweza kuutekeleza. Ajabu yake ni kwamba teknolojia mpya kuliko zote imechagua kukaa kwenye dirisha lile la kale, na sababu ni ileile: amri ni maandishi, na mashine hizo zinaishi kwa maandishi.

Hapo ndipo ninapokuwa mkali, na dukani kwangu hili halina mjadala. Hakuna mstari unaotekelezwa kabla haujasomwa kipande kwa kipande, awe ameutoa akili mnemba, rafiki au tovuti. Amri ya rm haipeleki faili kwenye pipa la taka, inafuta, basi. Amri ya kupakua kitu kutoka intaneti na kukitekeleza moja kwa moja kwa kukimwaga kwenye bash, programu inayotekeleza amri, ni sawa na kumkabidhi mtu usiyemjua funguo za duka. Na kuna utapeli unaozunguka tangu 2024 ambao kila mwenye kompyuta anatakiwa kuujua. Unafungua ukurasa, unaambiwa uthibitishe kwamba wewe ni binadamu: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha enta. Ukurasa umekwishaweka amri kwenye ubao wa kunakili bila wewe kuiona, na kwa mibonyezo hiyo mitatu unaitekeleza kwa mkono wako mwenyewe. Inapakua programu za kuiba nywila. Hakuna tovuti halali inayothibitisha ubinadamu wako kwa njia hiyo. Nimewaambia wateja wangu, nimelibandika ukutani kwa maandishi makubwa, na nalirudia hapa, kwa sababu kadiri mstari wa amri unavyozidi kuenea ndivyo na wezi wanavyoufuata. Asiyejua kinachoandikwa mle ndiye anayeibiwa kirahisi zaidi.

Kuna na suala la mashine zenyewe. Kompyuta nyingi zinazotumika mitaani kwetu ni mtumba, zimekuja kutoka maofisi ya Ulaya, ni imara lakini za zamani. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa masasisho ya kawaida ya bure, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo mashine nyingi za namna hiyo hazina, au ni za toleo la nyuma. Mtu anaambiwa anunue nyingine. Mimi mashine yangu moja ya kaunta niliiwekea Linux, na inafanya kazi za Ghostscript siku nzima bila kulalamika. Kuipakua Linux ya aina ya Ubuntu ni zaidi ya GB 5, ambazo ni bando la kuumiza kichwa. Hapo amri ya kupakua, wget, yenye -c inasaidia, kwa sababu umeme ukikatika au bando likiisha katikati, unaendelea pale ulipoishia, hauanzi upya. Asiye na kompyuta kabisa, mwenye simu ya Android, ana Termux: teminali kamili ndani ya simu. Kijana wa kwaya ya hapa jirani anapunguza video za ibada kwa ffmpeg, programu ya amri ya kushughulikia video, akiwa amekaa ndani ya daladala.

Sisemi kila kitu kihamie huko. Kadi ya harusi, bango la msiba, kava ya ripoti, hizo ni kazi za jicho na mausi, na anayezifanya kwa amri anajitesa bure. Kuhariri barua ya mtu ni kazi ya Word au LibreOffice. Nagawanya hivi: kikihitaji kutazamwa ili kikae vizuri, mausi, kikiwa kinajirudia, au kinahusu mafaili mengi, au kesho atakifanya mtu mwingine, kibodi.

Kinachotukwamisha zaidi ni maelezo. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu hapahapa jirani yangu, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili. Kwa hiyo nisiambiwe haiwezekani. Lakini leo binti wa kidato cha nne akitaka kujua -x ya grep inafanya nini, maelezo mazuri anayoyapata yote ni ya Kiingereza, yameandikwa kwa ajili ya wahandisi. Vyuo vya ufundi vinafundisha kompyuta, kozi za miezi mitatu bado zipo, na somo la teminali kwa kazi za kawaida za ofisi sijaliona kwenye ratiba hata moja iliyoletwa kwangu kuprintiwa. Lingechukua wiki chache. Mhitimu angetoka akiwa na kitu ambacho toleo jipya la programu haliwezi kumnyang'anya: ile grep ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 bado inaitikia kwa jina lake.

Mwenye Windows 10 au 11 anayetaka kuanza leo, afungue PowerShell kwa ruhusa ya msimamizi, aandike wsl --install, awashe upya kompyuta, atapata Ubuntu ndani yake. Kisha sudo apt update, halafu sudo apt install ghostscript, na ule mstari wa juu utafanya kazi kama nilivyouandika. Aanze na nakala ya faili lake mwenyewe.

Nami nina langu la kuuliza. Kikundi kimoja cha ushirika kimeniletea mihtasari yao ya zamani, imepigwa kwa taipureta na nakala nyingi ni za kaboni, nami naigeuza kuwa maandishi kwa Tesseract, programu inayosoma maandishi yaliyo ndani ya picha, ambayo inakijua Kiswahili:

tesseract muhtasari.png muhtasari -l swa

Kurasa safi zinatoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Za kaboni zinanishinda kwenye ng' yenye ritifaa. Ng'ombe wanakuwa ngombe, ng'ambo inakuwa ngambo, na mara nyingine ritifaa linageuka herufi i au nukta, kwa hiyo hata sed siwezi kuipa kanuni moja. Nimejaribu kuongeza weusi kwa ImageMagick, programu ya kurekebisha picha kwa amri, kabla ya kusoma, imesaidia kidogo. Aliyewahi kulipatia ufumbuzi kwa nyaraka za Kiswahili aniandikie na mstari wake mzima, pamoja na nukta za skana alizotumia.